Sauti Yangu Redioni kwa Adalbert

Nilishuka kutoka kijijini kwetu Nyantende Jumapili ile kwa sababu moja tu: kujisikia redioni. Mzungu mmoja alikuwa amepanda kwetu na mashine ya kunasa sauti, akatuomba sisi wamama tuimbe. Nikaimba wimbo niliombembelezea mwanangu Adalbert, enzi zile napalilia mtama akiwa mgongoni. Katekista akatuambia utatoka redioni Jumapili jioni. Na redio kwetu nani anayo? Anayo Adalbert, kule mjini, Cimpunda.

Huyo mutoto na mashine! Miaka kumi nyuma, alipopata ukarani, alinunua gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, mtaa mzima ukajaa uani kucheza rumba. Hata mimi nilicheza, tena nilicheza vizuri. Sasa gramafoni iko jikoni, imewekewa sufuria juu. Sebuleni kuna redio yenye jicho la kijani, nayo imefunikwa kitambaa cha kushona, na uani haingii mtu asiyealikwa.

Nikakuta wageni: Placide, karani mwenzake, na mkewe Agnès, wanakunywa bia kwa glasi. Adalbert alikuwa anangojea ile karte ambayo wazungu wanawapa watu weusi wanaoishi kama wao, na aliogopa kila jicho. "Bonjour, maman," akaniambia, kama mtu anayemsalimia muuza ndizi. Wageni hakuwaambia mimi ni nani, ila kwamba natoka Kabare. Nikakaa karibu na mlango. Sikuwa nimemwambia kitu. Nilitaka anitambue mwenyewe.

Basi redio ikasema: nyimbo za wanawake wa Kabare. Halafu, mama weee, nikatoka mle ndani ya redio! Mimi mzima!

Adalbert aliruka. Alinitambua, nilimwona usoni. Mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kifungo, akazima.

"Ile ni makelele ya bashenzi tu," akasema. "Tutafute rumba."

Nilitamani sakafu inimeze. Sauti ile ilimlaza usiku wa homa, leo imekuwa makelele!

Lakini Placide akaweka glasi chini. "Hapana, ndugu yangu, rudisha! Mama yangu alikuwaka anaimba vile vile." Akawasha mwenyewe, na wimbo ulipoendelea akajifuta macho bila haya. "Sauti gani hii! Maman, wewe ni wa kule. Unamujua huyu mama?"

Adalbert akainua kichwa. Sasa alikuwa anatabasamu. Sasa! Sijui ni hasira, sijui ni shetani.

"Simujui," nikasema.

"Ni yeye!" Adalbert akapiga kelele. "Ni mama yangu anaimba!"

Agnès akacheka mpaka bia ikamwagika. "Aa, Adalbert! Ulisema ni bashenzi. Watu wakisifu, ndiyo unatafuta undugu?"

"Haki ya Mungu, ni yeye! Maman, ubaambie."

Wote wakanigeukia. Neno moja tu lilitosha, na nilikuwa nalo mdomoni. Nilimwona jasho likimtoka juu ya ile kravate yake ya shingoni, mtoto wangu wa pekee, na bado nikanyamaza.

Basi akashusha macho, akacheka nao. "Nilikuwa natania," akasema.

Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nikafunika uso kwa kitenge, na wao wakadhani na mimi ninacheka.