Mende Aliyekataa Kona

Dada alisema nikiulizwa niseme usukani ulikufa. Alisema hivyo wakati nakunywa chai, akasema tena nilipokuwa navaa viatu vya mpira mlangoni.

"Usukani ulikufa. Maneno mawili tu. Hata wewe na huo mdomo wako mzito utayaweza."

"Nitasema nilichokiona, dada."

"Haya, uliona nini?"

Hapo ndipo nilipokwama. Nilifunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Shemeji, mume wake, alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, kiwiko kimoja kimefungwa bendeji, ameshika sinia la dada mbele ya kifua. Tangu siku ya ajali hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Anashika sinia kama usukani, anazungusha kulia, anasimama, anakaza macho ukutani kama kuna njia. Kisha anarudisha na kuanza upya.

"Nipe sinia langu," dada alimwambia. "Maharage hayajichambui."

"Ngoja nimalize kona."

"Imekushinda na gari, utaiweza na sinia?"

Shemeji akacheka, akampa. Lakini mikono yake ikabaki hewani vilevile, imeshika kitu ambacho hakipo.

Tulikuwa tukifanya kazi sehemu moja, kwenye kitalu cha miche ya miti. Kitalu kiko chini bondeni na miche hupandwa juu kwenye mabega ya mlima, ambako gari la kawaida halifiki. Kampuni ilinunua vigari vya porini, vidogo, viti viwili mbele na karai la mizigo nyuma, havina milango. Sisi tuliviita mende kwa sababu vilipenya popote. Shemeji alikuwa dereva wa mmoja wao. Mimi nilikaa naye mbele, tukifika juu nashusha trei za miche, tukirudi nashikilia trei tupu zisiruke.

Siku ile tulikuwa tunateremka. Trei moja ilikuwa inagonga-gonga nyuma, nikageuka kuibana. Niliporudisha uso mbele niliona mikono ya shemeji inazungusha usukani kulia, yote, mpaka mwisho, na mende hakwenda kulia. Alikwenda moja kwa moja kama mtu aliyeitwa na mwingine. Kulikuwa na mlio wa kitu kukatika, na kulikuwa na kisiki ambacho tuligonga, kisha tukawa korongoni, magurudumu juu, mimi niko juu ya shemeji na trei ziko juu yangu.

Hayo yote nina hakika nayo. Nisichokijua ni kipi kilitangulia, mlio au kisiki. Ndani ya kichwa changu vinabadilishana nafasi. Nikianza kusimulia na mlio, kisiki kinakuja nyuma yake vizuri kabisa. Nikianza na kisiki, mlio nao unakuja nyuma yake, hauna shida. Shemeji naye hajui. Aliniuliza mara moja tu, kwa sauti ndogo, dada akiwa nje: "Shem, nilikuwa nimesinzia?" Nikamwambia sikuwa namtazama. Akasema, "Na mimi pia sikuwa najitazama."

Siku hiyo ambayo dada alinifundisha maneno yangu mawili, mkaguzi alikuwa amekuja kutoka makao makuu ya kampuni. Tulikuwa tumeambiwa wazi mambo yalivyo. Akiona ni ubovu wa gari, shemeji atapewa mende mwingine. Akiona ni kosa la dereva, shemeji hatashika tena usukani wa kampuni, atarudi kupandisha miche mlimani mgongoni kama zamani, na kwa kiwiko kile sijui angepandisha nini.

Tulimkuta mkaguzi karakanani. Alikuwa mama wa makamo, amevaa ovaroli safi, miwani ameipandisha kichwani. Mezani palikuwa na tairodi ya mende wetu, kile chuma chembamba kinachovuta tairi pale usukani unapozungushwa. Kilikuwa vipande viwili. Fundi wetu alikuwa anakiponda.

"Mama, tazama mwenyewe. Hiki ni chuma au kijiti cha meno? Gari la mlimani unaliwekea kitu kama hiki? Aliyelichora alikuwa na njaa."

"Magari kama haya yapo sehemu nyingi," mkaguzi alisema. "Kwingine yanapanda mawe makubwa kuliko haya yenu. Hayakatiki."

"Labda kwingine wanayabeba wao."

Mkaguzi alitabasamu kidogo. "Kisiki kina alama ya tairi. Dereva akigonga kisiki kwa kasi, hata chuma cha reli kitapinda. Kwa hiyo inawezekana alikosa kona, akagonga, ndipo hiki kikakatika."

"Au kilikatika, ndipo akakosa kona, ndipo akagonga."

"Ndiyo. Au hivyo."

Shemeji alikuwa amesimama kando ya mlango. Alikuwa anawatazama mmoja baada ya mwingine, na kila aliyezungumza alimtikisia kichwa kumkubalia.

Mkaguzi akanigeukia. "Wewe binti ndiye uliyekuwa naye. Kilianza nini?"

Maneno mawili ya dada yalikuwa tayari kabisa, yamekaa juu ya ulimi. Nilimtazama shemeji. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa. Kitu nilichokiona kwake kilinitia wasiwasi zaidi: alikuwa amesogea mbele kidogo, na yeye anataka kusikia. Alikuwa ananingojea mimi nimwambie alichofanya. Kama ningesema usukani ulikufa, angeamini, na angeamini kitu nilichokipika jikoni kwa dada.

"Sijui," nikasema.

Fundi akashusha pumzi kama tairi. "Sijui vipi tena, mdogo wangu? Si ulikuwemo?"

"Nilikuwemo. Nilikuwa nabana trei. Nilipogeuka mikono yake ilikuwa imezungusha yote na gari halikufuata. Mlio niliusikia. Kisiki nilikisikia. Sijui kipi kilianza."

Shemeji aliinamisha uso. Nilitamani ardhi ya karakana ile, pamoja na mafuta yake, inimeze.

"Basi twende ukakae palepale ulipokuwa," mkaguzi alisema. "Labda mwili unakumbuka."

Tulichukua mende mwingine. Shemeji hakuweza kuendesha, akabaki. Fundi alishika usukani, mimi nikakaa mahali pangu, na mkaguzi akapanda nyuma kwenye karai la mizigo pamoja na trei za miche mibichi ili uzito uwe uleule. Fundi alimuuliza kama yuko vizuri. Alisema hajawahi kuwa mche, ngoja aone.

Mwili wangu haukukumbuka kitu. Njia ilikuwa njia, kisiki kilikuwa kisiki. Tulipanda tukakipita, nikakitazama mpaka kikapotea, na mambo yalikuwa yamechanganyika zaidi kuliko nilipokuwa karakanani, kwa sababu sasa nilikumbuka milio ya aina tatu.

Tulifika juu, kwenye kituo cha kushushia. Fundi akazungusha usukani mpaka mwisho, akaachia mende arudi nyuma taratibu kwenye mteremko, mpaka tairi la mbele likalalia jiwe kubwa lililokuwa pale. Mende akanguruma chini, ngrrr, akatulia. Fundi akazima, akashuka. Mimi nikashuka, nikaanza kutoa trei.

Mkaguzi hakushuka.

"Umefanya nini hapo?" aliuliza.

Fundi alitazama nyuma yake, akidhani anaulizwa mtu mwingine. "Nimeegesha."

"Na huo mngurumo?"

"Anajilaza tu, mama. Wote hujilaza hivyo."

"Kwa nini hukuvuta breki ya mkono?"

Fundi akacheka, akanitazama mimi ili nicheke naye. "Breki ya mkono ya mende? Hiyo ni pambo." Alirudi akawasha, akamtoa mende kwenye jiwe kwa kulazimisha usukani, mishipa ya shingo imemtoka, akavuta breki ya mkono mpaka juu, akaondoa mguu. Mende, na mkaguzi ndani yake, akaanza kuteremka polepole bila haraka yoyote. Fundi akakanyaga breki. "Umeona? Wakiwa watupu wanashika. Wakiwa na miche mibichi kwenye mteremko huu, hapana. Tangu walipokuja wakiwa wapya."

"Kwa hiyo kila mkisimama..."

"Tunamlaza kwenye jiwe. Kila kituo kina jiwe lake. Lile kule, na lile."

Nilitazama yale mawe kana kwamba nayaona mara ya kwanza. Yalikuwa meusi kwa mpira na laini upande mmoja. Mimi niliyahesabu kuwa ni mlima tu. Nilikuwa nakaa juu ya hilo moja wakati wa kupumzika.

Fundi akamlaza tena mende kwenye jiwe, mkaguzi akashuka, akalala chali chini yake na ovaroli yake safi. Alikaa huko muda. Alipotoka alikuwa na majani kwenye nywele na hakuyatoa.

"Tairodi ya huyu nayo imepinda," alisema. "Bado haijakatika, lakini imepinda kama kijiko kilichokaliwa. Kila mkimlaza, uzito wote wa gari na mizigo unakisukuma kile chuma. Halafu mnamtoa kwa nguvu, kinasukumwa tena."

"Nilisema kijiti cha meno," fundi alisema.

"Chuma hakikuwekwa ili kishikilie gari mlimani. Kiliwekwa kivute tairi."

"Na breki iliwekwa ifanye nini?"

Mkaguzi akajifuta grisi mikononi.

"Kwa hiyo ni dereva," fundi akasema, akijikuna shingo. "Maana dereva ndiye anayelaza."

"Anayelaza ni nani? Ni yeye peke yake?"

"Ni sote. Hata mimi. Nilimfundisha mimi." Alionekana kama mtu aliyefungua mlango akakuta ukuta. "Basi ni gari. Maana breki ingeshika, nani angehangaika na mawe?"

"Lakini mngesema kwamba haishiki, ingetengenezwa."

"Tuliona jiwe linatosha, mama. Utalalamikaje na unaegesha vizuri?"

Walikaa wote wawili ukingoni mwa karai wakatazama bonde. Nilimaliza kushusha trei. Hakuna aliyeniuliza tena kuhusu mlio na kisiki, na mimi nilizidi kuchanganyikiwa, kwa sababu huenda chuma kilikuwa kimebaki uzi mmoja, na kisiki kikaumalizia. Hapo mlio na kisiki vitakuwa kitu kimoja, na shemeji atakuwa amekosa kona na hakuikosa.

Jioni mkaguzi alitukusanya. Alisema mende wote wabaki bondeni mpaka wafungwe tairodi mpya na breki zitengenezwe. Alisema mawe yaondolewe. Alisema dereva haondolewi kazini, kwa sababu alichokifanya ndicho wanachofanya wote. Shemeji akauliza kama yeye alikosea. Mkaguzi akashusha miwani, akaipandisha tena.

"Sijui," alisema.

Nyumbani dada alitaka habari zipangwe vizuri. Alituketisha.

"Kwa hiyo hukukosea," alimwambia mumewe.

"Hakusema hivyo."

"Alisema umekosea?"

"Hakusema hivyo pia."

"Sasa huyo mama alikuja kufanya nini, kupanda mlima?" Akanigeukia. "Na wewe? Ulisema yale maneno?"

"Nilisema sijui."

Dada alinitazama, akamtazama mumewe, kisha akavuta sinia la maharage karibu. "Nimeoa na kuzaliwa kwenye ukoo wa wasiojua," alisema, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha kwamba yeye aliolewa.

Kiwiko kilipopona, mende walikuwa wamefungwa vyuma vipya. Shemeji alipewa wa kwanza kutoka karakanani, akanyoosha kidole kwenye kiti cha pembeni. Nikapanda. Tulipofika kwenye kona ya kisiki alipunguza mwendo mpaka tukawa kama tunatembea kwa miguu, akazungusha usukani, na mende akageuka kwa utiifu. Sikubana trei yoyote. Nilikuwa natazama mikono yake tu, nikitaka safari hii nijue.

Juu kwenye kituo jiwe halikuwepo. Palibaki shimo lenye udongo mweusi. Shemeji alisimamisha mende, akavuta breki ya mkono, ikalia krrr mpaka juu. Nikashuka. Yeye akabaki ndani, mguu juu ya breki.

"Amesimama?" aliuliza.

"Amesimama, shemeji."

"Nikiondoa mguu?"

"Fundi amesema atashika."

"Fundi ndiye aliyesema jiwe linatosha."

Nilikwenda mbele, nikainama kutazama tairi. Lilikuwa limenyooka, halikulalia kitu. Nilimwambia hivyo. Alitikisa kichwa kunikubalia, kama alivyowakubalia wale wengine karakanani, na mguu haukutoka. Mikono yake ilikuwa imeanza kuzungusha usukani kidogo upande wa lile shimo, pengine bila yeye kujua.

"Mikono, shemeji," nikamwambia.

Akaitazama. Akairudisha katikati, akaiachia, akaiweka mapajani. Nilianza kushusha miche upande mmoja, polepole, nikimpa nafasi. Trei ya kwanza, ya pili. Kila nilipotoa trei mende alitikisika kidogo kwa kupungua uzito, naye shemeji akaniuliza kama huo ni mtikisiko wangu au wa gari.

"Wangu," nilimjibu, na sikuwa na hakika hata kidogo.