Ukuta wa Sebuleni kwa Tabea

Ofisi ya Tabea ilikuwa sebule yake mwenyewe, pale Makambako. Hakuwa na fremu ya duka wala kibao barabarani. Alikuwa na roli sita za wolpepa, ndoo ya gundi, kisu, na ukuta mmoja alioupiga msasa siku mbili nzima kabla ya kuubandika karatasi za maua ya kijivu. Maua yalikutana vizuri kwenye maungio hata ukipitisha kucha huoni tofauti. Mteja akitaka kuijua kazi yake, aje auone ukuta. Na Jumatatu alikuwa anakuja Clemens wa Njombe, mwenye gesti mpya ya vyumba kumi na vinane. Akiridhika, kazi ya vyote ni ya Tabea. Kwa mtu ambaye mpaka hapo alikuwa amebandika vyumba viwili tu vya majirani, hiyo ilikuwa kufa na kupona.

Alhamisi lori la Fuso likasimama mlangoni. Mama mkwe wake, Emilia, alishuka akitokea Iwawa na magunia kumi na manne ya viazi vilivyochimbwa mvua ikinyesha. Hakuna aliyekuwa ameviagiza, lakini nani wa kumwambia mama aliyemzaa mumeo kwamba jasho lake lilale nje kwenye baridi? Hezekia, mumewe, hata hakuuliza. Aliwaonyesha wapakuaji sebuleni, na magunia yakaegemezwa kwenye ukuta ule ule.

"Baba Rejoice, huo ukuta..." Tabea alinong'ona.

"Ni viazi tu, Mama Rejoice. Bei ikipanda vinatoka."

Tabea angeweza kuyasogeza magunia mwenyewe, lakini mama mkwe alikuwa amekaa pale pale anatazama, na maneno yangefika Iwawa kabla ya Fuso. Akaenda jikoni kuchemsha chai.

Jumatatu asubuhi ndipo Hezekia alipokubali kuyavuta magunia katikati ya chumba. Viazi vyenye tope havina adabu: karatasi ilikuwa imevimba malengelenge, kingo zimejikunja, na tope limepanda mpaka usawa wa kiuno. Tabea alijaribu kufuta kwa kitambaa. Akazidisha.

Clemens alifika saa nne.

"Kamwene, mama," alimsalimu Emilia, kisha akauendea ukuta na kubonyeza lengelenge moja. Kipande cha karatasi kikabaki mkononi mwake.

"Dada, hii umebandika lini?"

"Miezi miwili iliyopita."

"Miezi miwili tu! Sasa kwangu Njombe, na ukungu ule? Tatizo ni nini?"

Tatizo lilikuwa limerundikwa nyuma yake. Tabea alimtazama Hezekia. Bwana yule ghafla akawa na shughuli nyingi kwenye simu. Akamtazama mama mkwe, ambaye hakujua kosa lolote, mikono yake ya jembe imetulia mapajani. Kumtaja mbele ya mgeni kungekuwa kumvua nguo.

"Gundi," alisema Tabea. "Nilikosea kuchanganya."

Mwingine angesema kweli na liwalo na liwe. Tabea hakulelewa hivyo, na siku ile aliwachukia waliomlea.

Clemens alijifuta vidole, akashukuru kwa heshima ya kuaga. Mlangoni akasimama. Aliokota kiazi kilichodondoka guniani, akakikwaruza ganda kwa ukucha.

"Mama, hivi vya wapi?"

"Iwawa, baba. Shambani kwangu."

"Jikoni kwangu watakaanga chipsi kila siku. Navichukua vyote. Na vya mwezi ujao pia."

Hezekia aliiweka simu mfukoni. Alicheka mpaka magego yakaonekana.

"Umeona, Mama Rejoice? Mteja wako katufaa!"

Emilia alisimama, akamshika Tabea mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga.

"Mungu akubariki, mwanangu, kwa kuniletea mtu huyu. Basi kila mwezi nitakuwa nashushia hapa hapa kwenu. Nafasi si ipo?"

"Ipo, mama," alisema Tabea.