Foronya ya Maua Mekundu

Jumamosi moja ya Julai 2006, manyunyu yalipoanza pale Uthiru, Wanjugu alianua nguo za wapangaji wote wa ploti, zake na za wenzake, akaziweka kwenye stuli nje ya kila mlango. Nzula aliporudi kutoka soko la Dagoretti alikuta foronya moja haipo, ile ya maua mekundu aliyoshonewa na mamake. Akauliza. Wanjugu akasema hakuiona. Hapo ndipo salamu zilipokatika.

Nyakio wa nambari saba, mamake Shiku, alikuwa rafiki wa wote wawili, chumvi akiomba huku, stori akipiga kule. Lakini ploti haina nafasi ya mtu kama huyo. Selpher, shoga yake Nzula, aliacha kumsalimia Wanjugu. Beryl, ambaye tangu Pasaka hakuelewana na Selpher, akaanza kunywa chai kwa Wanjugu, ingawa awali hakumpenda hata kidogo. Wiki mbili hazikuisha, milango yote kumi na miwili ilikuwa na upande.

Nguo nazo zikajipanga. Ungeanika popote asubuhi, lakini kufika saa nne, za kina Nzula zilikuwa zimehamia waya ya langoni, za kina Wanjugu waya ya karibu na choo. Lazarus, msimamizi wa ploti, aliomba tu kila nguo ihame na pegi zake.

Sare ya Nyakio ilikaa hewani, katikati ya waya hizo mbili, na haikukauka hata jua lilipotoka. Alikuwa mpokezi katika kliniki ya meno kule Hurlingham. Siku tisa alienda kazini amelowa, akikohoa, hadi daktari akamwambia akija hivyo tena asirudi.

Jioni hiyo, akitandika kitanda, aliikuta foronya imejikunja ndani ya shuka lake mwenyewe. Alifurahi mpaka akatoka pekupeku kwenda kuwaonyesha wote wawili.

"Wacha tu, Mama Shiku," Nzula alimwambia mlangoni. "Mimi na huyo tulishamalizana."

Wanjugu hakuitazama. "Hiyo si maneno ya foronya tena. Wewe, uko upande gani?"

Nyakio aliifua, akaianika. Nayo ikakaa hewani kando ya sare.

Jumapili, baada ya kanisa, alimkuta Nzula kwenye mfereji. Nzula ndiye aliyekesha na Nyakio hospitalini Shiku alipougua nimonia.

"Sasa, Mama Shiku," Nzula akamsalimia.

Nyakio akatazama ndoo yake.

Sare ilisogea hadi waya ya choo, na kufika saa nane ilikuwa imekauka kabisa. Aliipiga pasi huku akilia. Kesho yake kazini walimwambia amependeza.

Foronya iko pale pale, inadondosha maji mchana kutwa. Mfereji hutoa maji siku mbili tu kwa wiki, kwa hivyo wapangaji wameweka karai chini ya foronya. Upande wa Nzula huchota asubuhi, upande wa Wanjugu jioni. Nyakio huchota jioni.