Soketi ya Upande wa Normand

Daktari alipompa Normand mashine ya kumsaidia kupumua usingizini, mkewe Fernande alifurahi kuliko mgonjwa mwenyewe. Miaka mingi alikuwa amelala ubavuni mwa mtu anayekoroma kama trekta la kuchimbia viazi, kisha ghafla anakata kabisa, kimya, na Fernande anabaki macho akiisubiri pumzi irudi. Ikichelewa, humpiga kiwiko. Sasa kulikuwa na barakoa, bomba na kisanduku kinachonguruma taratibu juu ya kimeza. Tatizo likawa umeme. Chumba chao cha juu kilikuwa na soketi moja tu, upande wa Fernande, nyuma ya kabati, iliyowekwa enzi ambazo watu wa bondeni kule kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani, hawakuwa na cha kuchomeka zaidi ya taa.

Wakavuta waya wa nyongeza ukapita sakafuni mpaka upande wa pili wa kitanda. Haikupita wiki, Fernande akajikwaa akienda chooni, akaanguka na kugonga goti kwenye sanduku la mablanketi. Halikuvunjika, lakini lilivimba vibaya, na Normand aliona haya hata kulitazama. Kesho yake alichukua mashine na mto wake, akahamia chumba cha pili, kile kilichokuwa cha watoto, akalala kwenye kitanda ambacho miguu yake ilitokeza nje. Alisema ni kwa muda tu. Fernande akamwambia sawa, afanye anavyoona.

Huo muda ukawa vuli nzima. Viazi vilichimbwa vikaisha, theluji ya kwanza ikaanguka, na Normand bado alikuwa ng'ambo ya ukumbi. Alikuwa ameendesha basi la shule maisha yake yote, na kelele za watoto zilimzoesha kukaa kimya. Alidhani mkewe analala vizuri zaidi sasa kwa kuwa hakuna wa kumkoromea, na hakutaka kuuliza, asije akaambiwa ni kweli.

Ni Fernande aliyelianzisha. Jumapili moja kaka yake Rosaire, fundi umeme, alikuja kula mchana, na Fernande akamuuliza ingegharimu nini kuweka soketi upande wa Normand. Rosaire alisema ni kazi ndogo: anapasua plasta kutoka chini mpaka juu, anapitisha waya, anaziba. Fernande alimtazama kana kwamba amesema atamchinja mbwa. Ukuta ule ulikuwa na karatasi ya maua madogo ya buluu, waliyoibandika yeye na Normand majira ya baridi waliyooana, na karatasi ya namna hiyo haiuzwi tena popote. Rosaire akacheka. Akasema basi wauvue waya kama samaki. Nyumba ni ya zamani, ukuta ule wa nje u mtupu ndani tangu chini hadi darini. Aliwaazima utepe mrefu wa chuma, mwembamba na mgumu, unaojikunja ndani ya kibweta chake, akawaonya wazime swichi kuu kabla ya kugusa kitu.

"Na zile ncha mbili za waya mniachie mimi," alisema. "Shemeji, umesikia? Huyu dada yangu namjua."

Jumamosi iliyofuata Fernande alijiteua mkuu wa kazi. Alikisogeza kitanda, akagongagonga ukuta mpaka akapata penye uwazi, akakata tundu la kiasi cha kiganja, chini, mahali ambapo kitanda kingelificha. Normand alipelekwa chumba cha chini ya nyumba, kwenye magunia ya viazi na chupa za achari, akatoboa ubao kuelekea juu kwa drili ya betri, vumbi la mbao likimwingia kinywani. Kisha akaanza kusukuma utepe.

Alisukuma, akasukuma. Kila mara alipouliza kama umeonekana, Fernande alimjibu kwamba bado, na kama amechoka kazi aseme. Utepe ulikuwa karibu kwisha kibwetani aliposikia nyayo zikipanda darini, halafu zikishuka.

"Umefika mbinguni, mzee," sauti ya mkewe ilisema. "Utepe uko kule darini unachezacheza kwenye mapambo ya Krismasi. Rudi chini."

Akauvuta. Ulishuka kidogo, ukanasa, pengine kwenye msumari. Normand aliinama akaweka sikio kwenye tundu, asikie unakwaruza wapi. Hakusikia mkwaruzo. Alimsikia Fernande. Ukuta mtupu ulimletea sauti yake safi, kama anayenong'ona shingoni mwake, naye hakuwa akizungumza na Normand.

"Mtakatifu Antoni, mtafutaji wa vilivyopotea," alikuwa akisema, "nimekusumbua sana kwa funguo, nimekusumbua kwa miwani. Leo ni mume. Hayuko mbali, yuko chumba cha pili hapo, lakini nimempoteza hivyo hivyo. Huu waya naomba ufike."

Normand alikaa ameinama, mkono juu ya utepe. Angeweza kunyamaza, ndivyo alivyozoea. Akaleta mdomo kwenye tundu.

"Nando," alisema, kama alivyozoea kumwita mkewe. "Nakusikia."

Chembe za plasta zilianguka ndani ya ukuta.

"Tangu wapi?"

"Tangu kwenye funguo."

Alimsikia Fernande akikaa chini sakafuni.

"Nilidhani unalala vizuri bila mimi," Normand akasema.

"Silali. Ukiwa kule siisikii mashine, sijui kama unapumua au hupumui. Nimesimama mlangoni kwako mara ngapi na goti hili."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe, mbona hukusema?"

Normand akajisugua kiuno. "Kile kitanda kinaniua mgongo."

"Basi sukuma," akasema Fernande, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Alisukuma polepole, akiuzungusha. Fernande alikuwa amekunjua hanga ya nguo akaifanya ndoana, na utepe ulipopita mbele ya tundu lake aliunasa. Normand akaufunga waya mpya kwenye ncha ya chini, akaviringisha mkanda wa gundi juu yake, akamwambia avute. Akausikia waya ukiteleza viganjani mwake, ukipanda kwa mivuto mifupi mifupi, na katika kila mvuto alimjua mkewe. Aliushika kwa ulegevu tu, amwachie avute. Alipokuja kumwambia inatosha, Fernande alikuwa na waya wa kutosha kufika barabarani.

Rosaire alikuja mchana akaunganisha ncha zote mbili, akapima, akajaribu kwa taa. Aliukagua ukuta, hakuona ua hata moja lililochanika nje ya lile tundu, akamuuliza dada yake kwa nini macho ni mekundu. Akajibiwa ni vumbi la plasta. Rosaire akala ploi mbili za moto kwa siagi, zile chapati zao zenye matundu, akaenda zake.

Normand alirudisha mashine na mto. Fernande akasema haifai kungoja, lazima ijaribiwe, huenda Rosaire amekosea. Kwa hiyo Normand akalala saa hiyo hiyo ya mchana, na soksi zake, barakoa usoni, na Fernande akajilaza kando yake asikilize. Mashine ilinguruma. Normand alitaka kumuuliza kama inasikika vizuri, lakini huwezi kuzungumza ukiwa na kile kitu puani, akamshika mkono tu. Fernande akasema, "Nasikia, nasikia, lala."

Walipoamka dirisha lilikuwa jeusi, na kuku ambaye Fernande alimwacha motoni tangu mchana alikuwa amekaukia sufuriani. Walimla hivyo hivyo, wakikwangua.