Chupa Yenye Kitambaa cha Buluu

Kitambaa kilichofunika chupa kilikatwa kwenye sketi yake ya darasa la saba. Msichana alikitambua kwa alama ya pasi iliyokiunguza. Leo chupa hiyo ilikuwa mkononi mwa Bwana Shamba, mbele ya mwenye shamba na vibarua wote, ndani ya banda la kupangia machungwa.

"Katika uchunguzi wangu," alisema Bwana Shamba, "nimegundua nzi anayetaga ndani ya fukusi wanaotafuna michungwa yetu. Buu lake humla fukusi kutoka tumboni. Tukipiga dawa, tutawaua wanaotusaidia."

Uchunguzi wangu! Damu ilimchemka msichana hadi masikioni. Misimu miwili aliokota fukusi kwenye majani ya michungwa yaliyotafunwa kingo, akawatia chupani, akasubiri. Alimwona fukusi wa kwanza akizubaa, kisha akifa. Buu jeupe likamtoka, likajikunja likawa kidonge cha hudhurungi. Siku ya kumi na mbili, nzi. Alipokimbilia ofisini kueleza, Bwana Shamba hakuinua hata macho. "Binti, nzi ni nzi. Rudi ukapalilie." Wiki iliyofuata chupa zake zote zikatoweka stoo.

"Mjomba, ile ni yangu," alinong'ona.

"Najua, mpwa wangu. Meza tu," akajibu mjomba wake, mnyapara, akimshika mkono. "Tukifukuzwa tutakula majani na hao fukusi."



Mwenye shamba alipokea chupa, akafunua kitambaa achungulie. Nzi wa kijivu, mwenye vinyweleo vigumu kama brashi, akachomoka, akatua kwenye karatasi za Bwana Shamba. Naye, bila kukatiza hotuba, akavua kofia. Pa!

"Nzi wa jalalani hawa, wanakera kweli."

Mama mmoja kwenye makreti akaguna, "Mh! Kamuua msaidizi wake."

Kicheko kikapasuka. Msichana hakukisikia. Alijichomoa mkononi mwa mjomba, akaenda mbele, akamwokota nzi kwa ncha za vidole na kumlaza kiganjani.

"Huyu si wa jalalani. Huyu nilimngoja," alisema.

Macho ya mwenye shamba yakampita Bwana Shamba, yakatua kwa msichana. "Waliobaki watatoka lini?"

Msichana alichukua chupa, akakivuta kitambaa mpaka kikakaza, akakifunga tena kwa mpira.

"Kwanza nirudishieni chupa zangu nyingine," akasema.

Mjomba wake hakumshika tena.