Pumzi Hamsini

Umewahi kukaa ukahesabu pumzi za mtu mwingine? Sisemi za mtoto mchanga aliyelala, maana hizo kila mzazi amezihesabu. Nasema za mtu mzima, aliye macho kabisa, ameketi mbele yako kwenye kiti cha plastiki, kope amezifumba, na mkono wake umo ndani ya mkono wako. Kama hujawahi, basi kaa vizuri nikupe habari za fundi mmoja wa cherehani ambaye watu walimwita Chapuchapu.

Jina hilo alilitolea jasho. Alikuwa anakula amesimama. Alikuwa anajibu swali kabla hujalimaliza, na mara nyingi alijibu swali ambalo hukuuliza. Akifagia, vumbi lilimkimbia. Kwenye kibanda cha ushonaji mbele ya nyumba yake, alikanyaga cherehani mpaka uzi unakatika, naye anautunga tena huku anaongea na simu aliyoibana kati ya sikio na bega. Fundi mwenzake, ambaye naye walimwita Redio kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzima, alizoea kumwambia, "Dada, ipo siku utamaliza nguo ya mteja kabla mteja hajazaliwa."

Sasa, mama mkwe wake alikuja kukaa kwao ili afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho moja, la kulia. Nesi akampa Chapuchapu chupa mbili za matone, moja ya kifuniko chekundu, moja ya kifuniko cheupe. "Mara nne kwa siku, wiki sita. Tone moja la hii nyekundu, afumbe macho dakika tano, halafu tone moja la hii nyeupe. Usizifuatanishe papo hapo, ya pili itaisukuma ya kwanza nje."

Jioni ya siku ile ya kwanza, mama mkwe akiwa amelazwa chumbani na pamba jichoni, Chapuchapu alisimama ukumbini akampigia rafiki yake simu. "Wiki sita, shoga yangu! Mara nne kwa siku! Nitazimaliza vipi mimi?" Alipokata simu ndipo alipoona mlango wa chumba haukuwa umefungwa, umerudishwa tu. Hakuuliza kama kuna aliyesikia. Mambo ya kuuliza hivyo hayaulizwi kwa mama mkwe.

Kesho yake alitia tone la kwanza, akaweka saa ya simu ihesabu dakika tano. Mara simu ikaita, mteja anauliza kola yake. Akatoka nayo mpaka kibandani, akashika mkasi, akaona suruali inayongoja pindo, akapinda. Aliporudi ndani ilikuwa imepita nusu saa. Bibi wa watu bado ameketi palepale, kope zimefumbwa, mikono mapajani, kama mtu aliyeachwa kituoni.

"Mama, nisamehe, jamani nisamehe!"

"Ni wewe? Nilidhani dakika za siku hizi zimeongezwa urefu." Akacheka kidogo. "Mwanangu, hiyo simu yako inajua kuhesabu, lakini haijui kukaa. Achana nayo. Lete kigoda hapa. Nishike mkono, uhesabu pumzi zangu. Zikifika hamsini, dakika tano zimekwisha."

"Hamsini, Mama?"

"Hamsini. Nilipokuwa nawalaza wanangu wakiwa na homa, ndiyo saa niliyokuwa nayo."

Basi Chapuchapu akakaa. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita...

"Wewe," mama mkwe akasema bila kufumbua macho, "hizo ni pumzi zangu au unachambua maharage? Mimi nimevuta mara mbili tu."

Akaanza upya. Ngoja bega lipande. Ngoja lishuke. Moja. Alipofika kumi na moja akakumbuka vifungo ambavyo hajanunua, akapoteza hesabu.

"Nimepotea, Mama."

"Si kitu. Rudi kwenye moja. Hakuna anayetufukuza."

Siku hiyo alirudi kwenye moja mara sita. Siku iliyofuata, mara nne. Wala mama mkwe hakumkaripia hata mara moja. Kila akipotea, jibu lilikuwa lilelile, rudi kwenye moja, kwa sauti ileile ya mtu anayemwonyesha mgeni njia. Na zikifika hamsini, kabla ya tone la pili, aliuliza, "Haya, umesikia nini?" Mwanzoni Chapuchapu alijibu, "Sijasikia kitu." Mama mkwe akasema yeye amesikia bomba la uani linadondosha, amesikia jirani akisugua sufuria kwa mchanga, amesikia tumbo la Chapuchapu likinguruma kwa sababu hajala tangu asubuhi. "Ahsante kwa bomba," akasema, "maana nyumba yenye bomba linalodondosha ni nyumba yenye maji. Sasa kale."

Ikaenda hivyo, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nakwambia, mambo hayakubadilika kwa kishindo. Ila Chapuchapu alianza kujua vitu. Alijua kuwa mama mkwe huvuta pumzi ndefu moja baada ya kila tano fupi. Alijua kuwa mkono wake wa kulia una kovu dogo penye kidole gumba, na kuwa asubuhi huwa baridi kuliko jioni. Siku moja akiwa kwenye cherehani, uzi ulikatika, naye badala ya kuusonya akajikuta anangoja pumzi tatu, kisha akautunga mara moja ukapita. Redio akasimamisha mguu wake kwenye kikanyagio.

"Dada, unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona umenyamaza? Mimi nikinyamaza hivyo nyumbani huitiwa daktari."

Akaanza hata kula ameketi. Asubuhi alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, akanusa mvuke kabla ya kunywa, na akashangaa kwamba chai aliyoinywa miaka yote ilikuwa na ladha.

Wiki ya sita, Jumatano jioni, wakiwa mezani, mume wake, fundi wa majokofu, mtu mwema asiyependa maneno mengi, akasema, "Matone yanaisha Ijumaa, sivyo? Nimepata gari Jumamosi. Nitampeleka Mama kwa dada, akae huko moja kwa moja. Kule kuna nafasi."

"Sawa," akasema Chapuchapu.

Lo! Sawa hiyo ilimtoka kabla yeye mwenyewe hajafika. Ulikuwa mdomo wa zamani, ule wa kujibu kabla ya swali kuisha. Alimtazama mama mkwe. Mama mkwe aliitazama sahani yake, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Sawa basi, wanangu." Akaendelea kula, lakini Chapuchapu, aliyekwisha kumjua kwa pumzi, aliona bega limepanda, likakawia kushuka.

Nyumba ya wifi yake aliijua. Nyumba nzuri, ya ghorofa, ngazi ishirini na mbili, na wenyewe wanatoka asubuhi wanarudi jioni. Wifi hakuwa na ubaya wowote. Lakini nani angekaa kwenye kigoda? Chapuchapu alitaka kusema, usiende. Akaikumbuka ile simu ya siku ya kwanza, na ule mlango uliorudishwa tu, na sasa hii sawa. Kama bibi huyu alisikia yote mawili, neno lake litakuwa na uzito gani? Litaonekana la adabu tu. Akainuka kuosha vyombo.

Alhamisi asubuhi akaingia kazini na kichwa kisicho chake. Kulikuwa na sare sita za manesi wa zahanati, mikono mirefu, na nesi mkuu angezifuata kesho. Mkono wa nguo, kama hujui, una mbele na nyuma. Upande wa mbele huchimbwa zaidi penye kwapa. Ukikata wa kushoto, unaigeuza karatasi ya kipimo ndipo ukate wa kulia. Chapuchapu alipanga vitambaa sita, kimoja juu ya kingine, vyote uso juu, akakata. Akapanga sita tena, akaweka karatasi, hakuigeuza, akakata.

Redio ndiye aliyegundua. Aliokota mikono miwili, akaipima mmoja juu ya mwingine, akaokota mingine miwili. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, akanyamaza.

"Nini?" akauliza Chapuchapu.

"Dada, hawa manesi wako, wote wana mikono miwili ya kushoto?"

Mikono kumi na miwili. Yote ya kushoto. Kuigeuza ndani nje haikuwezekana, kitambaa kilikuwa na uso mmoja unaong'aa na mgongo uliofifia. Cha akiba hakikubaki hata cha kufunikia kifungo. Chapuchapu akaanza kuzunguka kibanda, anainua hiki, anaweka kile, anafungua droo na kuifunga, anaifungua tena ileile.

"Saa ya matone," Redio akamkumbusha.

"Matone! Sasa hivi!"

"Nenda. Hapa mikono haitakimbia. Haina hata miguu."

Akaingia ndani, akanawa, akatia tone la kifuniko chekundu, akaketi, akashika mkono ule wenye kovu. Moja. Mbili. Mikono ya kushoto. Moja. Mbili, tatu, nne. Nesi mkuu atasema nini. Moja.

"Leo tumepotea sana," mama mkwe akasema kwa upole.

"Sana, Mama."

"Si kitu. Hakuna anayetufukuza."

Akarudi kwenye moja. Safari hii hakufukuza mawazo, aliyaacha yapite kama wateja wanaochungulia dirishani na kwenda zao, yeye akafuata bega. Likipanda, likishuka. Penye ishirini hivi, kifua chake mwenyewe kikaanza kwenda na kile kingine. Penye arobaini akasikia bomba. Hamsini ilipofika, akainua macho, akaona kitu ambacho alikuwa amekiona kila siku kwa wiki sita. Gauni la mama mkwe lilikuwa la mikono mirefu, na mikono hiyo ilikuwa imekunjwa, kama kila siku, mpaka juu ya viwiko. Amekunja ili aoshe vyombo. Kila anayeosha mikono hukunja.

"Umesikia nini?" mama mkwe akauliza.

"Leo sijasikia, Mama. Leo nimeona."

Alirudi kibandani akitembea. Redio alisema baadaye kwamba hilo la kutembea ndilo lililomtisha zaidi. Alichukua mikono sita, akaikata upya penye kwapa, akachimba mbele ya kulia. Mkono ukikatwa upya namna hiyo hufupika, hivyo akaifupisha yote kumi na miwili, ikaishia juu kidogo ya kiwiko, na mabaki yakatosha kuweka pindo pana lenye mshono mara mbili. Haikuwa sare iliyoagizwa.

Ijumaa nesi mkuu alipokuja, Chapuchapu hakutafuta hadithi. "Nilikosea kukata. Mliagiza mirefu, imekuwa mifupi. Kama hamtaki, nitatafuta kitambaa kingine niwashonee upya."

Nesi mkuu akainua sare moja, akaingiza mkono, akaupeleka kama mtu anayenawa kwenye karai. "Mirefu tuliagiza kwa mazoea tu," akasema. "Kutwa tunaikunja, kutwa inalowa. Ulijuaje?"

"Nilimtazama mama mkwe wangu."

"Basi mpe ahsante kutoka kwetu."

Nesi alipoondoka, Redio akawa anakunja futi yake ya kupimia polepole. "Na kesho bibi anaondoka. Sasa wewe utahesabu pumzi za nani? Zangu huziwezi, mimi nazivuta katikati ya maneno." Alikusudia utani. Lakini Chapuchapu aliinama akajifanya anatafuta sindano chini, na Redio, ambaye hakuwa mjinga, akaenda kununua uzi ambao hawakuuhitaji.

Jumamosi asubuhi begi lilikuwa mlangoni. Nje mume alikuwa anapangusa kioo cha gari la watu. Zile chupa mbili zilikuwa zimekwisha jana, zimeoshwa, zimesimama dirishani. Chapuchapu alivuta kigoda, akakiweka mbele ya kiti cha plastiki, akaketi, akanyoosha mkono.

"Dawa imekwisha, mwanangu," mama mkwe akasema.

"Najua, Mama. Fumba macho."

Akafumba. Chapuchapu akahesabu. Moja. Hakuna kifungo kilichomkumbusha kitu, wala pindo, wala simu. Alishukuru kwa hilo bega. Alishukuru kwa kovu. Alishukuru hata kwa ile nusu saa ya siku ya pili, aliyomwacha bibi wa watu kama mzigo, kwa sababu bila hiyo, saa ya simu ingeendelea kuhesabu peke yake. Hamsini zikafika bila kurudi kwenye moja hata mara moja.

"Haya. Umesikia nini?"

"Mama, siku ile ya kwanza, nilisema kwenye simu..."

"Nilisikia. Lililokuwa bovu ni jicho, mwanangu. Masikio yangu sijawahi kuyapeleka kwa daktari."

Chapuchapu akafunika uso kwa mkono mmoja, maana wa pili ulikuwa bado umeshikwa. Akaona mama mkwe anacheka, akacheka naye, na machozi yakapita humohumo.

"Na ile sawa ya Jumatano mezani," akasema, "ile ilikuwa ya mdomo tu. Mimi nilikuwa bado sijafika. Sasa nimefika. Mama, usiende. Nataka ukae hapa na sisi."

Mama mkwe alivuta pumzi moja ndefu, ile inayokuja baada ya tano fupi. Akafumbua macho, jicho la kulia safi kama kioo kilichopanguswa, akamtazama.

"Mwite mume wako arudishe begi chumbani," akasema. "Tangu wiki ya pili mimi nataka kubaki."