Kikosi cha Darajani

Jumamosi saa tisa alasiri, kama kila Jumamosi kwa miaka kumi na moja, fundi saa alifunika saa za wateja kwa kitambaa, akaingia chumba cha nyuma ambako vita vilikuwa vinaendelea. Vita vyenyewe vilienea juu ya meza kubwa: milima ya magazeti yaliyolowekwa kwenye gundi, mto wa rangi ya buluu, na askari wa plastiki wasiozidi pingili ya kidole. Dereva wa gari la wagonjwa aliongoza jeshi la kusini, mwalimu wa hesabu la kaskazini. Fundi alikuwa mwamuzi. Kanuni zote alizitunga yeye, na alizionea fahari kuliko saa yoyote aliyowahi kuifufua.

Alipokuwa akipima masafa ya mizinga kwa rula, aliona moshi pembeni mwa meza. Pale darajani palikuwa na askari kumi na wawili wa kusini, waliowekwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, enzi alipokuwa bado anacheza. Aliwaachia amri: "Shikeni daraja hadi nirudi." Kisha akapata uhamisho wa kazi, akaenda zake. Miaka sita ilikuwa imepita. Sasa walikuwa tisa, wamekonda, wanachemsha kitu ndani ya kofia ya chuma. Kando yao palikuwa na vilima vitatu vya unga wa mbao, vimesawazishwa vizuri.

"Wameota ndevu," mwalimu alisema.

"Miaka sita, ulitaka waote nini?" dereva akajibu, huku akitikisa dadu.

Fundi aliona aibu ikimpanda hadi masikioni. Kanuni ya tisa ilisema amri hutenguliwa na aliyeitoa, si mwingine. Aliiandika akidhani anazuia ujanja. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema, ila hili walikuwa wakilila wengine kabisa.

Aliomba kanuni ifutwe. Wakapiga kura.

"Daraja likiachwa, mwalimu ananiingilia mgongoni," dereva alisema. "Wale wanafanya kazi nzuri."

Mwalimu, ambaye angefaidika, naye alikataa. Mkianza kufuta moja, alisema, mtafuta zote.

Fundi akampigia simu shemeji yake. "Shem, wale watu wako wa darajani. Sema neno moja tu, warudi."

"Daraja gani tena? Aisee, kumbe bado mnacheza!" Shemeji alicheka kwa upendo. "Niko kikaoni, shem. Nitakupigia."

Hakupiga. Jumamosi iliyofuata, ukingoni mwa meza kulikuwa na kikaratasi cha ukubwa wa punje ya mchele. Fundi alivaa lenzi yake ya kazini, akasoma: "Tupo saba. Daraja lipo."

Ndipo alipofanya jambo ambalo mwamuzi hafanyi. Wenzake walipoondoka, aliandika kwa ncha ya sindano, "Nimerudi. Njooni," akaweka sahihi ya shemeji yake, akampachika mpanda farasi mmoja barua hiyo mkononi, akamsogeza hadi darajani.

Jibu lilikuja baada ya wiki. "Mwandiko si wake. Mjumbe tumempiga risasi. Tupo wanne. Daraja lipo."

Mpanda farasi alikuwa na tundu kifuani, jembamba kuliko unywele. Fundi alimshika kiganjani, akalia kidogo, akafuta lenzi.

Alipobaki askari mmoja, dereva alisikitika kwa dhati. Kanuni zilikataza kuwaondoa, ila hazikukataza kuwaongeza. Alifungua pakiti mpya, akawakata kwa wembe askari kumi na wawili kutoka kwenye fremu ya plastiki waliyoshikamana nayo, akawapanga darajani mmoja mmoja, kwa upole. Mwalimu alisema huo ni uungwana.

Wiki iliyofuata barua ilikuwa ndefu kuliko zote, na fundi aliisoma kwa sauti. "Daraja lipo. Wapya wamefika, hawajambo. Wanauliza tunamsubiri nani. Nimetaka kuwatajia jina, limenitoka. Mtukumbushe."

Fundi alilijua jina vizuri. Alitazama wapanda farasi waliobaki, mmoja baada ya mwingine, akashindwa kumchagua wa kumtuma.

"Dadu," dereva alisema, mkono umenyooshwa.

Fundi akampa.